Stata ya pikipiki ya delivari imegoma? Pima kwanza, kununua baadaye



Somo la leo ni la wote mnaouza mtandaoni na kupeleka mizigo kwa pikipiki yenu wenyewe, hasa pikipiki yenye umri. Tunaongelea stata. Najua kuna watakaosema, "Hiyo si kazi yangu, ni ya fundi." Kweli, ni kazi ya fundi. Lakini hela inayotoka ni yako, na mteja anayesubiri ni wako. Soma mpaka mwisho.

YALIYONIKUTA MIMI

Nauza mashuka na mapazia. Delivari anafanya mdogo wangu kwa pikipiki ya cc 125 tuliyonunua kwa mtu, tayari imeshatumika sana. Ijumaa moja tulikuwa na oda ya mapazia ya nyumba nzima. Kesho yake pale nyumbani kulikuwa na wageni wa posa. Mteja alishalipa yote.

Mdogo wangu akapita Kariakoo kuchukua fimbo za mapazia. Akazima pikipiki, akafunga mzigo, anarudi kuwasha: "tak". Anabonyeza tena: "tak". Basi, hakuna kingine. Na kiki yetu ilishakula meno siku nyingi, tulikuwa tunategemea stata peke yake.

Fundi wa karibu akasikiliza mara moja tu, akasema, "Stata imekufa hiyo, tafuteni nyingine." Hakupima kitu. Mdogo wangu akanipigia, mimi nikaingia mtandaoni, nikapata mtu anauza stata iliyotumika, nikatuma hela, ikaletwa, ikafungwa. Akabonyeza: "tak". Vilevile!

Mapazia yalifika saa nne usiku kwa bajaji ya kukodi, gharama juu yangu. Mteja alipokea, hakunitukana. Ila hajawahi kuagiza tena mpaka leo. Hela ya stata niliisahau. Mteja yule sijamsahau.

Jumatatu tukaipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme wa pikipiki. Yeye hakugusa stata kwanza. Alianza kwenye betri, akafuata waya. Akakuta waya mnene wa hasi, ule unaotoka betri kwenda kufungwa kwenye injini, umeoza ndani ya kichwa chake. Kwa nje unaonekana mzima, kwa ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Akakata, akabana kichwa kipya, akakwangua kutu pale unapofungwa, akakaza. Akatwambia turudishe stata yetu ya zamani. Ikazungusha mara ya kwanza tu.

"Mwanangu," akaniambia, "stata mmeihukumu bila kuisikiliza."

Nikamwomba anifundishe kuisikiliza. Haya hapa aliyonifundisha.

STATA INAFANYAJE KAZI

Umeme unatoka betri, unapita kwenye rilei, unaingia kwenye stata kwa waya mnene, halafu unarudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa hasi. Ni mzunguko. Ukikatika popote, stata haizunguki, hata kama yenyewe ni mpya.

Kile kitufe unachobonyeza kwa kidole hakibebi umeme mkubwa. Kazi yake ni kuamsha rilei. Mlio wa "tak" unaousikia ni rilei inajifunga ili umeme mkubwa upite.

Ndani ya stata kuna vitu vitatu vya kukumbuka. Kuna sumaku zilizobandikwa kwenye ganda. Kuna amecha, ule mhimili uliozungushiwa nyaya, wenye vipande vya shaba kwenye ncha moja. Na kuna kaboni, vipande vidogo vyeusi vinavyosukumwa na springi vikae juu ya ile shaba na kupitisha umeme. Kaboni zinasuguana na shaba kila unapowasha, kwa hiyo zinaisha kama raba ya kufutia. Hilo ndilo jambo la kawaida kabisa kwa stata iliyozeeka.

Stata ikizunguka, inapeleka nguvu kwa gia na klachi ya stata mpaka kwenye krenki. Klachi ya stata ni ile inayoshika upande mmoja na kuachia upande mwingine, ili injini ikishawaka isiivute stata.

Kwa hiyo wagonjwa wanaoweza kuwepo ni watano: betri, waya, rilei, stata yenyewe, na klachi ya stata. Wote watano watu huwaita "stata imekufa".

SIKILIZA DALILI KABLA HUJAITA MTU

1. Kimya, na taa haziwaki au ni hafifu. Angalia betri, fyuzi na vichwa vya betri.

2. Kimya, lakini taa zinawaka vizuri. Weka gia huru, hakikisha taa ya kijani inawaka, vuta klachi, jaribu tena. Pikipiki nyingi zimewekewa swichi ya usalama hapo. Kama bado, shuku kitufe, swichi ya klachi au rilei.

3. "Tak" moja, haizunguki. Inaweza kuwa betri dhaifu, waya mbovu, rilei iliyoungua ndani au kaboni. Hapa ndipo watu wengi hununua stata bure, kama mimi.

4. "Tak-tak-tak-tak" ya haraka. Mara nyingi ni betri imeshuka au vichwa vyake vimelegea.

5. Inazungusha kwa uchovu. Betri, waya wenye kutu, au stata imejaa uchafu na bushi zimeisha.

6. Inalia "wiiii" kwa kasi lakini injini haigeuki. Stata yako ni nzima! Tatizo liko kwenye klachi ya stata au gia zake. Ukinunua stata nyingine itakulilia "wiiii" hivyohivyo.

7. Ukiigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi inazunguka. Kaboni zimekaribia kuisha au zimenasa. Hapo umepewa onyo, usizoee kugonga. Sumaku za ndani hupasuka ukizipiga kwa nguvu.

Usidanganywe na taa kuwaka. Taa na honi vinatumia umeme mdogo tu. Stata inakula umeme mwingi kwa mara moja kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki. Waya uliooza unaweza kupitisha umeme wa taa, ukashindwa wa stata.

VIPIMO VINNE

Tafuta mita ya kupimia umeme, hata ya bei ndogo. Iweke kwenye volti za betri (DC). Pikipiki iwe kwenye gia huru, imesimama imara, na kusiwe na petroli inayovuja. Vua pete na saa ya chuma. Kila ukibonyeza kitufe, usizidishe sekunde 5, halafu ipumzishe kidogo.

KIPIMO CHA 1: BETRI
Pima kwenye vichwa viwili vya betri, pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza, usiendelee. Halafu bonyeza stata huku unaangalia mita. Ikianguka chini ya 9 au 10, betri imechoka, au stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Azima betri nzima ya mwenzako ujaribu. Ikizungusha, umepata jibu bila kununua kitu.

KIPIMO CHA 2: WAYA WA HASI
Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Bonyeza stata. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikipita nusu volti, waya huo au mahali unapofungwa pana shida. Hiki kipimo kimoja kingeniokolea ile Ijumaa.

KIPIMO CHA 3: RILEI
Rilei ina bolti mbili nene. Weka ncha za mita kwenye bolti hizo mbili. Kabla ya kubonyeza itasoma volti za betri. Ukibonyeza na ukasikia "tak", inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikibaki 12, rilei inalia lakini ndani haishiki. Badili rilei, siyo stata.

KIPIMO CHA 4: HUKUMU YA STATA
Weka ncha moja kwenye bolti ya stata inapoingia waya mnene, nyingine kwenye ganda la stata yenyewe. Bonyeza. Ikisoma volti 11 au 12 na stata imetulia tu, sasa una haki ya kusema: umeme umefika, stata imekataa. Ifunguliwe.

Angalia mpangilio huo. Stata inahukumiwa mwisho, baada ya wengine wote kutoa ushahidi.

KUIFUNGUA NA KUITENGENEZA

Miezi kadhaa baadaye stata yetu iliisha kaboni kweli, na safari hii tulipima tukajua. Tulikaa na yule mzee tukaifungua. Kama una mkono mwepesi unaweza kufanya mwenyewe. Kama huwezi, simama karibu uone fundi anafanya hivi:

Kwanza, anatoa waya wa hasi wa betri kabla ya chochote. Waya mnene unaotoka betri kwenda rilei una umeme muda wote, kosa dogo la spana linaleta cheche.

Pili, anafuta vumbi na oili kuzunguka stata kabla ya kuitoa, mchanga usiingie kwenye injini. Pikipiki nyingi ndogo stata imeshikwa kwa bolti mbili. Anaivuta kwa kuichezesha taratibu, bila nyundo.

Tatu, anachora alama kwa bisibisi au kalamu kwenye ganda na vifuniko vyake kabla ya kufungua. Kifuniko kikirudi kimegeuka, mambo hayakai sawa. Washa nyembamba za kwenye ncha za amecha azipange kwa mpangilio wake, au azipige picha kwa simu. Washa za plastiki za kwenye bolti ya waya ni muhimu kuliko zote: zikikosewa, bolti inagusa ganda na umeme unapiga shoti.

Nne, kaboni. Zilinganishe na seti mpya. Zikiwa zimeisha kufika nusu, zimemeguka, au springi imelegea, badili. Nunua seti yake, ni hela ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Nyingine zinafungwa kwa skrubu, nyingine zinachomelewa kwa risasi. Hakikisha zinapanda na kushuka kwenye nyumba zake bila kunasa.

Tano, amecha. Vumbi jeusi la kaboni lifutwe kwa kitambaa kikavu na brashi. Usiiloweke kwenye petroli, inaharibu kinga ya nyaya. Shaba ikiwa nyeusi, isuguliwe kidogo kwa msasa laini, wa namba 400 au 600, siyo msasa wa mbao. Mifereji kati ya vipande vya shaba isafishwe, isibaki na unga. Halafu mita iwekwe kwenye mlio. Kutoka kipande kimoja cha shaba kwenda kingine, ilie. Kutoka shaba kwenda kwenye mhimili wa chuma, isilie. Ikilia hapo, amecha imepiga shoti, na kubadili kaboni peke yake ni kutupa hela.

Sita, bushi au beringi, sili ya oili na oringi. Ukikuta oili ndani ya stata, sili imechoka. Oili ikichanganyika na vumbi la kaboni inakuwa tope, na kaboni mpya hazitadumu. Grisi inapakwa kidogo tu kwenye bushi, isiguse shaba.

Saba, kabla ya kurudisha, anakwangua kutu na rangi pale stata inapogusana na injini. Hapo ndipo umeme unaporudia. Oringi ipakwe oili kidogo ili iingie bila kukatika. Mwisho kabisa anarudisha waya wa hasi wa betri.

Ikishawaka, pima betri tena injini ikiwa inanguruma kwa kasi ya wastani. Isome kama 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya 13, chaji haiingii vizuri, na baada ya siku chache utarudi kulaumu stata tena.

UKINUNUA AU UKIUZA STATA MTANDAONI

Ile stata ya mtandaoni niliyonunua nilikuwa nimeitunza kama akiba. Siku kaboni zetu zilipoisha nikasema, "Afadhali, tunayo nyingine." Tulipoifungua, kaboni zake zilikuwa fupi kuliko zetu! Nilikuwa nimenunua tatizo lilelile kwa mara ya pili.

Mnunuzi, omba vitu vinne kabla ya kutuma hela: picha ya meno ya mhimili ili uyahesabu na kulinganisha na yako, picha ya umbali wa matundu ya bolti pamoja na rula, video ikizunguka kwenye betri, na picha ya kaboni kama muuzaji yuko tayari kufungua. Hakikisha pia inazungukia upande uleule kama yako. Jina la pikipiki pekee halitoshi, maana matoleo hutofautiana.

Muuzaji wa spea, hii ni fursa yako. Usiandike tu "stata kali, inbox". Andika imetoka pikipiki gani, ina meno mangapi, kaboni zimebaki kiasi gani, na weka video. Na mteja akikuuliza stata, muulize kwanza, "Umepima waya wa hasi na rilei?" Huenda siku hiyo ukapoteza mauzo ya stata moja. Lakini mtu uliyemwokolea hela atarudi kwako kwa kaboni, kwa betri, kwa tairi, na ataleta wenzake.

UPANDE WA BIASHARA

Nikijitazama sasa, kosa langu kubwa siku ile halikuwa kununua stata. Nilikaa saa nyingi nasubiri pikipiki ipone wakati mzigo wa mteja umekaa juu yake. Kwa hiyo nimejiwekea sheria tatu:

Moja: pikipiki ikigoma na mzigo wa mteja, mzigo unatafutiwa usafiri mwingine ndani ya nusu saa. Matengenezo baadaye. Nina namba za bodaboda wawili na bajaji mmoja ninaowaamini.

Mbili: mteja anaambiwa mapema. "Dada, chombo kimepata hitilafu, mzigo wako unakuja kwa bajaji, utafika saa kumi na mbili." Mteja hukasirikia ukimya kuliko kuchelewa.

Tatu: pikipiki ina ukurasa wake kwenye daftari la biashara. Tarehe ya betri, tarehe ya kaboni, tarehe ya oili, na hela iliyotoka. Vichwa vya betri na waya wa hasi vinaangaliwa kila mwezi. Na tulitengeneza kiki pia, maana kutegemea njia moja ya kuwasha ni kujitafutia balaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na spea bila kipimo hununuliwa mara mbili.

Itunze posti hii, mtumie na kijana wako wa delivari. Kama pikipiki yako inafanya "tak" tu sasa hivi, tuandikie hapo chini umepata namba ngapi kwenye vipimo vinne, tusaidiane kabla hujatoa hela.

Kazi njema, na biashara iende.